Akaunti Kuu ni Moja: Chagua Benki Yako ya Kila Siku, Kisha Kaa Nayo

Bonasi ya majani chai ikiingia, kati ya Septemba na Oktoba, maswali tunayopata kutoka Meru na Embu huwa yanafanana. Mteja anatuuliza hivi: "Pesa yangu imeingia Sacco. Karo ya mtoto inalipwa benki nyingine. Mkopo wangu uko benki ya tatu. Sasa nitapitishaje hii pesa bila kukatwa kila mahali?"

Swali ni zuri, na jibu fupi tunalo: angalia ada za kila njia, chagua ya bei nafuu. Lakini hilo ni jibu la siku moja tu. Mwezi ujao pesa itaingia pale pale, itatoka vile vile, na utakatwa tena. Swali kubwa liko nyuma ya hilo: kati ya akaunti zako zote, ni ipi akaunti kuu?

Sisi ni kampuni ya malipo ya simu. Pengine unatarajia tukuambie uweke kila kitu kwa simu, mambo yaishe. Hatutasema hivyo. Simu ina kazi yake, Sacco ina yake, na benki ina yake. Leo tunataka kueleza vile mtu wa Kionyo, Maua, Runyenjes au Kiritiri anaweza kuchagua benki moja ya kila siku, akakaa nayo mpaka ikamjua, na pia akajua ni wakati gani wa kuiaga.

Akaunti kuu ni gani?

Akaunti kuu si ile yenye pesa nyingi. Ni ile ambayo mapato yako mengi huingilia, na matumizi yako makubwa hutokea. Mshahara, malipo ya chai, pesa ya maziwa au ya kahawa inaingia hapo. Karo, mkopo, kodi ya nyumba na bima vinatoka hapo. Mtu akiisoma taarifa ya akaunti hiyo, ile wengi huita stetimenti, ataelewa maisha yako yanaendaje.

Wengi wetu hatuna akaunti ya namna hiyo. Tuna akaunti tatu au nne zilizofunguliwa kila moja kwa sababu yake. Moja ilifunguliwa kwa sababu mwajiri alisema. Nyingine kwa sababu kulikuwa na mkopo wa haraka. Ya tatu afisa wa benki alikuja sokoni na fomu, ukaona haya kumkatalia. Hakuna ubaya kuwa na akaunti zaidi ya moja. Ubaya uko kwa kutojua ipi ndiyo mzizi.

Kutawanya pesa kunakugharimu mara mbili

Gharama ya kwanza unaiona: ni ada. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kila mwezi unahamisha pesa mara sita: kutoka Sacco kwenda simu, simu kwenda benki, benki kwenda simu tena, na kadhalika. Tuseme kila hatua inakula shilingi 35. Hiyo ni shilingi 210 kwa mwezi, na shilingi 2,520 kwa mwaka. Mbolea ya ruzuku ya serikali ilipopunguzwa bei mwaka 2023, mfuko wa kilo 50 ulikuwa shilingi 2,500. Kwa hivyo umelipa bei ya mfuko mzima wa mbolea kwa kazi ya kuzungusha pesa yako mwenyewe. Ada zako halisi zinaweza kuwa juu au chini ya mfano huu, lakini fanya hesabu hiyo na namba zako. Wengi hushtuka.

Kumbuka pia kwamba ada hizi hubadilika. Machi 2020, wakati wa korona, ada za kuhamisha pesa kati ya benki na simu ziliondolewa. Zilirudi Januari 2023. Benki Kuu ya Kenya ilisema zimepunguzwa kuliko zamani: kwa wastani hadi asilimia 61 kwa pesa inayotoka benki kwenda simu, na hadi asilimia 47 kwa inayotoka simu kwenda benki. Ni afadhali, lakini si bure. Aliyezoea ile miaka ya bure akaendelea kuzungusha pesa ndiye anayelipa leo bila kujua.

Gharama ya pili haionekani mpaka siku unahitaji mkopo. Chukua mfano wa mama mkulima wa upande wa Runyenjes. Kila mwezi anapata shilingi 30,000: elfu kumi ya chai inaingia Sacco, elfu kumi ya maziwa inaingia benki, elfu kumi ya duka inaingia kwa simu. Anaenda benki kuomba mkopo wa kununua ng'ombe wa pili. Afisa anafungua kompyuta.

"Mama, hapa naona elfu kumi kwa mwezi. Hakuna pesa nyingine?"

"Iko, mwanangu. Lakini iko mahali pengine."

Mama hajadanganya, na afisa pia hajakosea. Benki hukopesha kwa kile inachoona, na hapa inaona theluthi moja tu ya kazi ya huyu mama. Atapewa mkopo wa mtu wa elfu kumi, au ataambiwa alete wadhamini na karatasi nyingi. Kama mapato yote yangepitia akaunti moja kwa miaka miwili, mazungumzo yale yangekuwa tofauti.

Kwa nini jambo hili ni zito zaidi huku kwetu

Mapato ya Meru na Embu yana misimu, na yana mishtuko. Wanaouza miraa wa Igembe wanajua. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwezi Juni 2014. Machi 2020 Somalia ilifunga soko, na ndege za miraa hazikuanza tena hadi Julai 2022. Wakulima wa muguka wa Mbeere waliona yao Mei 2024, kaunti za Pwani zikiongozwa na Mombasa zilipotangaza marufuku, kabla ya Mahakama Kuu ya Embu kuyasimamisha maagizo hayo. Leo unauza, kesho soko limefungwa. Hukufanya kosa lolote.

Siku kama hiyo, kitu kinachosaidia ni rekodi. Tazama vile ilikuwa Machi 2020. Benki Kuu iliruhusu benki kupanga upya mikopo ya watu walioumizwa na korona, yaani kuongeza muda wa kulipa. Lakini nafuu hiyo ilikuwa ya waliokuwa wanalipa vizuri kufikia tarehe 2 Machi 2020. Aliyekuwa tayari na madeni yaliyochelewa hakuwa ndani ya mpango huo. Rekodi nzuri haijengwi siku ya shida. Hujengwa miezi ile pesa inaingia vizuri na huoni haja yoyote ya benki.

Maswali manne ya kujiuliza kabla ya kuchagua

Usianze na tangazo la redio. Anza na maisha yako.

1. Pesa yangu inaingia kutoka wapi?

Kama ni mkulima wa chai wa kiwanda cha Imenti, Githongo, Kionyo, Mungania au Rukuriri, malipo ya kila mwezi na bonasi hutumwa kwa akaunti uliyoandikisha kiwandani. Kama ni mwalimu, TSC hulipa kwa benki au kwa Sacco yenye huduma za kibenki. Kama unauza maziwa kupitia chama cha ushirika, uliza chama kinalipa kupitia wapi. Kwa kahawa, tangu 2023 kuna mfumo wa malipo ya moja kwa moja unaoendeshwa kupitia Co-operative Bank, na lengo lake ni pesa ya mnada ifike kwa mkulima bila kupita mikono mingi. Uliza chama chako kimeandikisha akaunti gani kwa jina lako.

Akaunti kuu nzuri ni ile pesa inaweza kuingia moja kwa moja, bila wewe kuibeba.

2. Pesa yangu inatoka vipi?

Andika matumizi yako makubwa matano. Kwa nyumba nyingi karo ni ya kwanza. Shule hupokea karo kwa akaunti ya benki fulani au kwa nambari ya Paybill. Kama watoto wawili wako shule zinazotumia benki moja, na mkopo wako uko hapo hapo, hiyo benki tayari imepata alama. Kama pesa nyingi hutoka kidogo kidogo, mia mbili hapa, mia tano pale, basi unahitaji benki iliyounganishwa vizuri na simu, si ile yenye jengo kubwa.

3. Siku ya shida nitamfikia nani?

Siku ya kawaida unatumia simu au wakala. Siku kadi imepotea, au laini imebadilishwa na mtu usiyemjua, au umetuma pesa kwa akaunti isiyo yako, unataka mtu. Mtu wa Makutano au Embu mjini ana matawi ya kuchagua. Mtu wa Kiritiri au Ishiara apige hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi iliyopotea. Mtu wa Kionyo aangalie Nkubu kuna nini. Tangu 2010 benki zinaruhusiwa kutumia mawakala, na sasa wako karibu kila soko, lakini wakala hawezi kufungua kila fundo. Kabla ya kuchagua, piga simu ya huduma kwa wateja ya benki hiyo mara moja, saa ya kawaida, uulize swali dogo. Muda watakaochukua kukujibu utakuambia mengi.

4. Nani anailinda pesa yangu?

Swali hili wengi hulisahau, na tutalirudia hapa chini. Kwa sasa jua hivi: benki inasimamiwa na Benki Kuu ya Kenya. Sacco inayopokea amana inasimamiwa na SASRA. Chama cha watu ishirini chini ya mti kinasimamiwa na urafiki wenu.

Utaona hatujataja riba ya akiba. Kwa akaunti ya kila siku, riba ni kitu kidogo. Pesa yenyewe haikai humo. Riba utaitafuta kwa akiba ya muda mrefu, na hiyo si lazima iwe benki yako kuu.

Simu, Sacco na benki: kila moja na kazi yake

Simu ni mkono. Inapokea haraka na kulipa haraka. Ndiyo ya kulipa bodaboda, dukani, na kumtumia mama nyumbani. Ina kikomo: mwaka 2023 kiwango cha juu cha pesa mtu anaweza kuwa nayo kwa akaunti ya simu kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi 500,000, na unaweza kutuma hadi 250,000 kwa mara moja. Pesa ya simu huwekwa kwa akaunti za amana ndani ya benki, kando na pesa ya kampuni yenyewe. Lakini simu ni rahisi mno kutoa. Pesa ya karo ikilala kwa simu tangu Oktoba, ikifika Januari huenda imebaki nusu, na hukumbuki ilikwenda wapi.

Kuna akaunti zinazoonekana kama za simu lakini ni za benki. M-Shwari, iliyoanza 2012, iko chini ya NCBA. KCB M-Pesa, iliyoanza 2015, iko chini ya KCB. Ukiweka akiba huko, umeweka benki.

Sacco ni ghala. Huku kwetu Sacco zina mizizi: Winas na Nawiri kule Embu, Solution, Capital, Yetu na Dhabiti upande wa Meru, na nyingine nyingi. Nguvu ya Sacco ni mkopo kulingana na akiba yako, riba inayoeleweka, na gawio mwisho wa mwaka. Udhaifu wake ni kwamba zile akiba zinazokupa haki ya mkopo kwa kawaida huwezi kuzitoa ukiwa bado mwanachama. Na ukiwa mdhamini wa mwenzako, akishindwa kulipa, akiba yako inaguswa.

Je, Sacco inaweza kuwa akaunti kuu? Ndiyo. Kama malipo ya chai au mshahara huingia huko, ina huduma za kutoa na kuweka pesa, imeunganishwa na simu, na iko kwenye orodha ya zilizo na leseni ambayo SASRA huitoa kila mwaka, inaweza kufanya kazi hiyo vizuri. Jua tu kwamba kinga yake si sawa na ya benki, kama tutakavyoona.

Benki basi ni njia kuu. Inaunganisha shule, hospitali, mwajiri na watu wa mbali. Ukitaka kutuma kutoka benki moja kwenda nyingine, PesaLink, iliyoanza 2017, inapeleka hadi shilingi 999,999 papo hapo. Mara nyingi hii ni njia fupi kuliko kutoa benki kwenda simu, kisha simu kwenda benki.

Pendekezo letu kwa nyumba ya kawaida: akaunti kuu moja ya kuingiza na kulipa mambo makubwa, Sacco moja ya akiba na mikopo ya maendeleo, na simu ya matumizi ya wiki. Mapato yakiingia kwenye akaunti kuu, hamishia simu pesa ya wiki nzima mara moja. Usitoe mia tatu kila siku. Ada ya kutoa mara moja kwa kawaida ni ndogo kuliko jumla ya kutoa mara saba.

Lakini je, benki ikianguka?

Hii ni hofu ya haki, na si ya kubuni. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, benki tatu za Kenya ziliwekwa chini ya usimamizi wa mrasimu: Dubai Bank Agosti 2015, Imperial Bank tarehe 13 Oktoba 2015, na Chase Bank tarehe 7 Aprili 2016. Wateja waliamka asubuhi wakapata milango imefungwa. Chase Bank ilifunguliwa tena tarehe 27 Aprili chini ya usimamizi wa KCB, na mwanzoni wateja waliruhusiwa kupata hadi shilingi milioni moja. Wiki zile karibu tatu zilikuwa ndefu kwa mwenye duka anayelipa wafanyakazi.

Leo kinga iko hivi. Shirika la Bima ya Amana, KDIC, hulinda pesa ya mteja wa benki hadi shilingi 500,000. Kabla ya Julai 2020 kiwango kilikuwa 100,000 tu. Elewa mambo matatu hapa.

Kwanza, kiwango ni kwa mtu mmoja ndani ya benki moja. Ukiwa na akaunti tatu benki ile ile, zinajumlishwa.

Pili, kinga hiyo ni ya benki na taasisi ndogo za fedha zenye leseni ya Benki Kuu. Amana za Sacco haziko chini ya KDIC.

Tatu, bima hulipa benki inapofilisika. Haimaanishi utapata pesa asubuhi ile ile milango inapofungwa.

Kwa hivyo kukaa na benki moja kuu hakumaanishi kuweka mayai yote humo. Ukipata bonasi kubwa au umeuza shamba, kinachozidi 500,000 kitafutie mahali pa pili. Na weka pesa ya wiki mbili za matumizi nje ya akaunti kuu, kwa simu au kwa Sacco. Hiyo ndiyo itakayokununulia unga ikiwa mitambo ya benki imelala au mlango umefungwa.

Usichanganye kuanguka na kubadilisha jina. Mwaka 2019 NIC na CBA ziliungana zikawa NCBA. Benki zikiungana, akaunti yako na mkopo wako huhamia kwa mwenye mpya. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, usibofye kiungo chochote ndani ya meseji. Nenda kwenye tawi, au piga nambari iliyo nyuma ya kadi yako.

Kukaa na benki yako: kazi ndogo za kila mara

Kukaa si kulala. Benki inakujua kwa vile unavyotumia akaunti. Fanya haya:

Pitisha mapato yote unayoweza. Hata pesa ya duka iliyoingia kwa simu, ipeleke benki mara moja kwa wiki, siku ile ile. Mia tano kila Ijumaa kwa mwaka mzima inasema jambo kukuhusu ambalo elfu ishirini za siku moja haziwezi kusema.

Soma taarifa ya akaunti kila mwezi. Tafuta makato usiyoyafahamu: ada ya kadi ambayo huitumii, bima ambayo hukumbuki kuikubali, meseji za kulipia. Uliza kila moja.

Lipa mkopo mdogo wa simu kwa wakati. Rekodi ya mikopo mingi iko kwa CRB, ziwe za benki kubwa au za programu ya simu. Deni la chini ya shilingi 1,000 haliorodheshwi kama baya, lakini usilifanye kuwa mchezo. Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bure mara moja kwa mwaka. Iombe, uisome, na kama kuna deni ulilokwisha kulipa bado limeandikwa, lalamika mapema kabla ya kuomba mkopo mwingine.

Kama umeajiriwa, linda theluthi yako. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote hayafai kuzidi theluthi mbili za mshahara. Ukikopa benki, ukakopa Sacco, na zote zinakata kabla mshahara haujakufikia, hiyo theluthi iliyobaki ndiyo maisha yako. Usikubali mtu akuambie inaweza kupunguzwa "kidogo tu".

Sasisha nambari ya simu na jina la mrithi. Ukibadilisha laini bila kuambia benki, umejifungia nje ya akaunti yako. Na mtu asiposema nani ajulishwe akifariki, familia huzunguka mahakamani kwa miezi mingi kwa ajili ya pesa iliyo pale.

Wakati wa kuhama

Uaminifu ni mzuri, lakini benki si ndoa. Hama ikiwa moja kati ya haya limetokea zaidi ya mara moja: pesa imekatwa na hakuna anayeweza kukueleza kwa nini, lalamiko lako limekaa bila jibu, mitambo hulala siku za mwisho wa mwezi unapoihitaji, au maisha yako yamehama, mathalani umetoka Meru mjini ukaenda kuishi Siakago na tawi limekuwa mbali.

Usihame kwa sababu ya tangazo la mkopo wa haraka, au kwa sababu jirani amesema. Kumbuka, ukihama unaanza tena kujulikana.

Ukiamua, hama pole pole:

Fungua akaunti mpya na uitumie kwa kiasi kidogo mwezi mzima. Weka, toa, lipa kitu kimoja, piga simu ya huduma.

Kisha hamisha mapato. Kwa chai, kiwanda hukubadilishia akaunti kwa maandishi. Kama una mkopo unaolipwa na chai hiyo au mshahara huo, mkopeshaji kwa kawaida lazima akubali kwanza, au umalize deni. Uliza kabla ya kujaza fomu. Epuka kubadilisha karibu na siku za bonasi, maana pesa ikikwama kati ya akaunti mbili, itakwama wakati mbaya zaidi.

Kisha hamisha malipo ya kudumu, moja baada ya lingine: karo, bima, mchango wa chama.

Iache akaunti ya zamani wazi kwa miezi mitatu na pesa kidogo ndani, ili chochote ulichosahau kisirudi. Chukua taarifa zake za angalau mwaka mmoja. Hizo karatasi ni historia yako, na benki mpya inaweza kuzitumia kukupima.

Mwisho, ifunge kwa maandishi na upate barua. Usiitelekeze. Akaunti iliyoachwa huendelea kukatwa ada, na ikikaa bila kuguswa kwa miaka mitano, pesa iliyobaki hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, UFAA. Haipotei, unaweza kuidai, lakini ni safari ndefu. Kama unashuku wewe au mzazi wako mliacha pesa mahali, piga *361# uangalie.

Anza wiki hii

Chukua karatasi. Chora mistari mitatu. Upande wa kwanza andika kila mahali pesa yako inaingia. Upande wa pili, kila mahali inatoka. Upande wa tatu, ada uliyolipa kila hatua mwezi uliopita. Meseji za simu yako zinazo. Fanya na mwenzako wa nyumbani, kwa sababu mara nyingi yeye ana akaunti ambayo hukuihesabu.

Akaunti ile inayoonekana mara nyingi upande wa kwanza na wa pili ndiyo iliyo karibu kuwa akaunti kuu. Ipime kwa yale maswali manne. Ikipita, leta mapato mengine humo, moja kila mwezi. Isipopita, sasa unajua unatafuta nini.

Bonasi ijayo ikiingia, uwe tayari umeamua itapita wapi.